Ugenini ni Darasa: Kuitazama na Kuionja Nchi Mwenyeji Wakati wa Masomo

1. UTANGULIZI

Makala haya yanahusu jambo ambalo aghalabu huhesabiwa kuwa ni starehe tu: mwanafunzi aliyekwenda kusoma katika nchi ya watu kutembea huku na huko, kuona mandhari na majengo yake, na kula vyakula vya wenyeji wake. Wengi hudhani kwamba masomo ni yale ya ukumbini na ya maktaba, na kwamba matembezi na mlo ni mambo ya siku ya mapumziko. Nia yetu ni kuonyesha kwamba kwa mwalimu wa shule ya msingi sivyo ilivyo. Mwalimu aliyekaa ugenini bila ya kuitazama nchi ile wala kukaa jikoni mwake amerudi na cheti, lakini amewanyima wanafunzi wake nusu ya elimu aliyotumwa kuileta.

Ndugu mwalimu mwanafunzi huenda akasema kwamba yeye hana tumaini la kwenda kusoma ng'ambo, basi maneno haya hayamhusu. La hasha. Ni kweli kwamba si wengi watakaovuka mpaka wa nchi, lakini walio wengi watapangiwa shule mahali pasipo kwao. Aliyezaliwa Newala akipelekwa Urambo, au aliyezaliwa Rombo akipelekwa Sikonge, yu mgeni vile vile, na kanuni za mgeni ni zile zile. Kwa hiyo tutaeleza kwanza yaliyotupata sisi wenyewe tulipokuwa masomoni nchini Uganda, kisha tutatoa kanuni, na mwishoni tutaonyesha namna ya kuzitumia darasani na hapa Kipalapala.

2. SWALI LA MTOTO

Tulikwenda Kampala kwa masomo ya miaka miwili. Tulitoka Tabora kwa basi kwa njia ya Nzega, Kahama na Biharamulo hadi Bukoba, tukavuka mpaka Mutukula na kupita Masaka. Katika mizigo yetu ulikuwamo mfuko wa unga wa sembe, kwa sababu tuliambiwa kwamba huko watu hula ndizi tu. Tulipofika tuliwakuta Watanzania wenzetu watatu, tukapanga pamoja, tukapika ugali wetu kila jioni, tukazungumza Kiswahili chetu, na asubuhi tukaenda kusikiliza mihadhara. Mwaka mzima ukapita hivyo. Katika barua tulizoandika nyumbani tulisema kwamba Uganda tumeiona.

Katika likizo ndefu tulirudi Tabora na kuombwa kusaidia kufundisha katika shule moja ya kijijini. Katika kipindi cha jiografia cha darasa la saba tukafundisha habari za nchi jirani. Tulisema, kama kitabu kilivyosema, kwamba chakula kikuu cha watu wa Buganda ni ndizi zinazopikwa kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba. Kijana mmoja aliyekaa nyuma akanyosha mkono, akauliza, "Mwalimu, zikifungwa kwenye majani na zisiguse maji, huivaje? Na hayo majani hayaungui?"

Hatukujua. Tulikuwa tumeishi mwaka mzima katika mji ambao chakula hicho hupikwa kila siku karibu katika kila ua, wala hatukuwahi kusogea kwenye chungu kimoja tukatazama. Tulimjibu, "Huiva kama kawaida." Kijana yule akakaa chini, wala hakuuliza tena hata kipindi kilipokwisha.

Tunaomba msomaji alitafakari jibu hilo. "Kama kawaida" si jibu, bali ni mlango uliofungwa. Mtoto yule alikuwa amefanya lile tunalotaka kila mwanafunzi alifanye: amesikia jambo, amelipima kwa akili yake, ameona pengo, naye ameuliza. Kitabu kilikuwa kimemfikisha mpakani, na mwalimu aliyekuwa amekwisha kuvuka mpaka ule hakuweza kumvusha.

3. NJIA YA MISAFARA ILIKUWA SHULE YA WAGENI

Kabla ya kueleza tulivyojirekebisha, yafaa tukumbuke kwamba nchi hii ya Unyanyembe haikuanza jana kupokea wageni na kutoa wageni. Katika karne ya 19 njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika hapa, na hapa ikagawanyika: tawi moja likaelekea Ujiji, jingine likaelekea kaskazini kupitia Karagwe hadi Buganda. Wanyamwezi walikuwa wapagazi na wafanyabiashara mashuhuri wa njia hiyo. Kijana aliyekwenda pwani na kurudi alirudi na maneno mapya, mapishi mapya na mbegu mpya. Safari ilikuwa chuo chake.

Wageni nao walikuja. Burton na Speke walifika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857. Burton aliandika karibu kila alichokiona: nyumba za tembe, nafaka zilizolimwa, bei za sokoni, pombe na asali. Mengi aliyosema juu ya watu wetu ni ya dharau, na msomaji mwangalifu huyakataa. Lakini pale alipoacha kuhukumu na kuanza kuhesabu, maandishi yake yanatufaa hata leo. Speke alirudi Kazeh mwaka 1861 pamoja na Grant, akaenda kaskazini, na mwaka 1862 akafika kwa Kabaka Mutesa na kisha mahali Mto Nile unapotoka ziwani. Livingstone na Stanley walikaa pamoja Kwihara mwanzoni mwa mwaka 1872. Stanley aliondoka mwezi Machi, na Livingstone akabaki akisubiri wapagazi hadi mwezi Agosti.

Wala tusidhani kwamba kuitazama nchi ya watu na kuiandika ni kazi ya Wazungu pekee. Mwaka 1896 Selim bin Abakari alisafiri hadi Urusi na Siberia, na habari za safari yake zilitiwa katika kitabu cha Safari za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1901. Huyu ni mtu wa nchi zetu aliyekwenda kwenye baridi kali, akatazama, akasimulia kwa Kiswahili. Na katika nyakati za karibu zaidi, kijana Julius Nyerere alitoka shule ya Tabora na mwaka 1943 akaenda kusoma ualimu Makerere, akarudi kufundisha hapa hapa Tabora katika shule ya Mtakatifu Maria, kisha mwaka 1949 akaenda Edinburgh. Njia ya kutoka Tabora kwenda Kampala kutafuta elimu ni njia iliyokanyagwa siku nyingi.

Liko neno moja linaloionyesha njia hiyo vizuri, nalo ni posho. Katika misafara, posho ilikuwa sehemu ya chakula aliyopewa mpagazi, kama vile kibaba cha nafaka kwa siku, au nguo ya kununulia chakula hicho njiani. Ukienda Kampala leo ukaomba ugali, utaletewa kile wanachokiita "posho". Neno la mpagazi limekaa huko likawa jina la chakula chenyewe! Nasi tuliishi nalo mwaka mzima bila ya kuliuliza linatoka wapi.

4. JIKONI KAMPALA

Tuliporudi Kampala kwa mwaka wa pili tulimwendea mama mmoja jirani, mtu mzima aliyepika chakula cha kuuza, tukamwamkia "Shikamoo". Akacheka kwa upole, akatufundisha salamu ya kwao ya asubuhi: "Wasuze otya, nnyabo," yaani umelalaje, mama. Tulimweleza haja yetu, kwamba sisi ni walimu, na kwamba mtoto ametuuliza swali likatushinda. Hakutuuliza ada. Alituambia tuje Jumamosi asubuhi, na tuje na kisu.

Tulijifunza mambo haya. Kwanza, ndizi za matooke huvunwa zikiwa mbichi. Kuzimenya ni kazi ya ufundi. Utomvu hunata na kuyatia mikono weusi, na asiyejua hukata nyama pamoja na ganda. Pili, jani la mgomba haliwekwi hivi hivi. Huondolewa uti wake mgumu wa katikati na kupitishwa juu ya moto au mvuke lipate kulegea lisipasuke. Tatu, uti ule hautupwi. Hukatwa vipande vikapangwa chini ya chungu kama kichanja, na maji hutiwa kidogo tu, yasifike juu ya kichanja. Nne, ndizi zilizofungwa ndani ya majani huwekwa juu ya kichanja hicho, zikafunikwa kwa majani mengine mengi, mvuke usitoroke. Huachwa saa moja au zaidi. Tano, furushi hutolewa likiwa la moto, likabanwa kwa viganja bila ya kufunguliwa mpaka ndizi zikapondeka, kisha likarudishwa kwenye moto mdogo. Linapofunguliwa, chakula kimekuwa cha rangi ya manjano, laini, chenye harufu ya jani.

Basi jibu la kijana wetu lilikuwa hili: maji yaliyo chini huchemka, mvuke hupanda na kuzunguka ndani ya majani, na joto lake ndilo linaloivisha. Majani hayaungui kwa sababu yanakaa juu ya kichanja na yana unyevu. Na maji yakikauka, kweli yataungua, ndiyo maana mpishi husikiliza chungu chake na kuongeza maji. Ndani ya jibu hilo limo somo zima la sayansi juu ya maji, mvuke na joto.

Kitoweo kilikuwa mchuzi wa karanga zilizopondwa. Tulipouonja tulishangaa, kwa kuwa karanga ndizo tunazotilia mboga za majani hapa Unyamwezi. Tulikuwa tumeuogopa ugeni wa chakula ambacho nusu yake ni ya nyumbani.

Tulipomaliza kula tulifundishwa desturi moja ambayo hatutaisahau. Mlaji humwambia mpishi, "Weebale okufumba," yaani asante kwa kupika. Naye mpishi hujibu, "Weebale okulya," yaani asante kwa kula. Kwa wenyeji wetu, mgeni anayekula naye ametoa kitu. Ndipo tulipoelewa kwamba mwaka ule wa mfuko wa sembe hatukuwa tumejinyima chakula tu. Tulikuwa tumewanyima jirani zetu nafasi ya kutushukuru.

Tangu siku hiyo tulianza kuuliza kila tulichokiona mezani na barabarani. Tulionja luwombo, kitoweo cha kuku au nyama kinachofungwa na kupikwa ndani ya jani la mgomba. Tulikula chapati iliyokunjwa pamoja na mayai, inayouzwa kando ya barabara kwa jina la rolex, tukaambiwa kwamba jina hilo limetokana na maneno ya Kiingereza ya "mayai yaliyokunjwa". Mwezi wa Novemba tulionja senene, ambao kwa ndugu zetu wa Bukoba si wageni hata kidogo. Tena tuligundua kwamba posho, chakula chetu cha heshima, kwao ni chakula cha mabwenini, na kwamba mgeni wa maana hupikiwa matooke. Heshima ya chakula haimo katika chakula chenyewe. Imo katika jamii inayokila.

5. KUONA KWA MPANGO

Yaliyo kweli kwa chakula ni kweli pia kwa mahali pa kutembelea. Mfano wetu ni makaburi ya Kasubi, juu ya kilima kimojawapo cha Kampala. Mtalii husimama mlangoni, akapiga picha ya nyumba kubwa ya nyasi, akaondoka. Mwalimu yampasa aulize maswali zaidi.

Nyumba ile ilijengwa mwaka 1882 ikiwa ikulu ya Kabaka Mutesa wa Kwanza, na alipofariki mwaka 1884 ikawa kaburi lake. Humo wamezikwa pia Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Edward Mutesa wa Pili. Pete za paa kwa ndani ni 52, zikiwakilisha koo 52 za Buganda. Ndani limetundikwa pazia la nguo ya gome la mti wa mutuba, na nyuma yake ndiko waliko wafalme. Mwaka 2001 mahali hapo paliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwezi Machi 2010 moto uliteketeza nyumba kuu. Ilijengwa upya kwa miaka mingi, na mwaka 2023 ikaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Mwalimu anayeyajua hayo anaweza kuwauliza wanafunzi wake wa Tabora: Je, kwetu nyumba ya mtemi ilijengwaje? Paa la tembe ni la udongo na lile ni la nyasi, kwa nini? Ni hali gani ya mvua na miti iliyowafanya watu wa mahali hapa wajenge hivi, na wale wajenge vile? Nyumba ikiungua, ni nani anayejua kuijenga tena, naye amejifunza kwa nani? Safari ya nusu siku imezaa vipindi vitatu.

6. KANUNI NNE ZA MWANAFUNZI UGENINI

Kutokana na hayo tumepata kanuni nne, ambazo twamshauri kila mwanachuo aziandike mwanzoni mwa daftari lake.

(a) Tazama jambo tangu mwanzo hata mwisho. Usiridhike kuona chakula sahanini. Kaone shambani, sokoni, jikoni, ndipo mezani. Usiridhike kuona jengo; uliza lilijengwa kwa nini, na nani, na hutunzwaje.

(b) Onja kabla ya kuhukumu. Kuonja si lazima kuwe kula sana. Mwenye mwiko wa dini au wa afya aulize kwanza, kwa adabu, nyama imechinjwa na nani, au mchuzi umetiwa nini. Mwenyeji hachukizwi na swali la heshima. Kinachomchukiza ni uso uliokunjwa. Hali kadhalika, kula pale wanapokula wafanyakazi wa kawaida wa mji; ni nafuu, na ndipo kilipo chakula chenyewe. Nawa mikono, chagua kilicho moto, na kunywa maji yaliyochemshwa.

(c) Uliza kwa lugha ya wenyeji, hata kama ni maneno kumi tu. Katika Luganda tulikuta jamaa za maneno yetu: ekitabo, emmeeza, ssabbuuni, essowaani. Kila neno la namna hiyo ni alama ya njia iliyopita watu. Mwenye kusalimu kwa lugha ya mahali hufunguliwa milango ambayo fedha haiifungui.

(d) Andika siku ile ile. Andika jina la kitu kwa lugha ya wenyeji, vifaa, hatua, bei, msimu, na nani aliyekueleza. Chora. Acha mstari mmoja mtupu uandike swali ambalo mtoto wa darasa la tano angeliuliza juu ya jambo hilo. Kama huwezi kulijibu, kesho rudi ukaulize.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mwanafunzi, jembe hilo ni daftari.

7. KULETA UGENINI DARASANI: MFANO WA SOMO

Hapa chini twatoa mfano wa andalio la somo. Mwalimu anaweza kulibadili kwa kadiri ya mahali alipo.

Darasa: La Tano. Muda: Vipindi viwili mfululizo.
Mada: Chakula cha jirani zetu.

Madhumuni: Kufikia mwisho wa somo kila mwanafunzi aweze (i) kuonyesha katika ramani njia ya kutoka Tabora hadi Kampala, (ii) kueleza kwa mpangilio hatua za kupika ndizi kwa mvuke, (iii) kutaja mambo mawili yanayofanana na mawili yanayotofautiana kati ya chakula hicho na chakula cha kwao.

Zana: Ramani ya Afrika Mashariki, chungu au sufuria, majani ya mgomba, ndizi mbichi kutoka sokoni, maji, moto. Ndizi zikikosekana, viazi vitamu vitafaa kuonyesha kazi ya mvuke.

Hatua ya kwanza: Kuanzia kwenye kinachojulikana. Mwalimu aonyeshe michembe na matobolwa. Awaulize wanafunzi tofauti yake. Watasema kwamba michembe ni viazi vilivyokatwa na kuanikwa vibichi, na matobolwa ni viazi vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Awaulize kwa nini watu wa hapa hukausha viazi. Jibu ni kiangazi kirefu. Wako wazee wasemao kwamba hata jina la Tabora limetokana na matobolwa. Mwalimu awatume wanafunzi wakaulize nyumbani.

Hatua ya pili: Njia. Wanafunzi wafuatishe njia katika ramani kwa kidole. Mwalimu aeleze kwa ufupi habari za misafara na neno posho.

Hatua ya tatu: Kupika. Wanafunzi watatu wasaidie, wengine watazame. Kabla ya kufunika chungu mwalimu aulize, "Maji hayagusi chakula. Je, kitaiva?" Kila mmoja aandike anavyodhani, na sababu yake. Mwalimu asitoe jibu. Wakati chungu kiko motoni, wanafunzi wajifunze salamu mbili za Kiganda.

Hatua ya nne: Kufungua, kuonja, kujadili. Wanafunzi walinganishe waliyoyadhani na waliyoyaona. Wamalize kwa maneno ya shukrani ya mpishi na mlaji.

Hatua ya tano: Kuandika. Kila mwanafunzi aandike aya moja kwa rafiki wa Kampala, akimweleza jinsi ya kutengeneza matobolwa, kwa ufasaha hata asiyewahi kuyaona aweze kuyatengeneza.

Tathmini: Mwalimu asome aya hizo akijiuliza swali moja tu: Je, msomaji aliye mbali ataweza kulifanya jambo hili? Kama hawezi, hatua gani imesahauliwa?

8. MAKOSA YA KUEPUKA

Kosa la kwanza ni dharau. Mwalimu akisimulia habari za senene, hapana shaka mtoto mmoja atapiga kelele, "Wanakula panzi!" na darasa litacheka. Mwalimu asikemee, bali aulize, "Mvua za kwanza zikinyesha, nani hapa huokota kumbikumbi?" Mikono mingi itainuka, na kicheko kitageuka kuwa fikra.

Kosa la pili ni majivuno. Wako waliosoma ng'ambo ambao kila sentensi huanza, "Nilipokuwa kule." Safari isiwe pambo la mwalimu, iwe zana ya mwanafunzi.

Kosa la tatu ni kuwafanya watu wote wa nchi moja kuwa sawa. Si kila Mganda hula matooke kila siku, wala Uganda si Buganda pekee. Upande wa kaskazini na mashariki wako wanaokula zaidi ugali wa ulezi, mtama au muhogo. Sema ulichokiona na mahali ulipokiona.

9. ZOEZI LA WANACHUO HAPA KIPALAPALA

Kipalapala iko nje kidogo ya mji wa Tabora. Tangu miaka ya 1880, wamisionari walipoweka makao hapa, pamekuwa mahali pa wageni, na seminari yake kuu imepokea vijana wa makabila mengi. Kwa hiyo pafaa sana kwa zoezi hili.

Wanachuo wagawanywe wawili wawili, mmoja mwenyeji wa mkoa huu na mwingine mgeni. Kwa muda wa juma moja mgeni afanye yafuatayo: atembee kando ya miembe mikuu na kuwauliza wazee habari zake, afike Kwihara kwenye tembe la makumbusho ya Livingstone, achore mpango wa vyumba vyake, amwulize mzee mmoja maana ya jina Kipalapala, aende kwa mrina asali, au kwa muuza asali sokoni, aulize mzinga hutengenezwaje na hutundikwa msimu gani, akae katika jiko moja la kijijini tangu moto kuwashwa hata chakula kupakuliwa, ikiwa ni ugali wa mtama na nsansa, ambazo ni majani ya kunde yaliyokaushwa, ama mlenda, ama uyoga ikiwa ni masika. Asiende mikono mitupu, wala asikae akitazama wengine wakifanya kazi. Achote maji, apembue, akatekate.

Naye mwenyeji asidhani hana la kujifunza. Kazi yake ni kujibu maswali, na atagundua upesi mangapi ya kwao asiyoyajua. Mwisho wa juma kila jozi iandae somo moja na kulifundisha mbele ya wenzao. Mkufunzi asahihishe kwa kipimo kile kile: je, yako mahali popote ambapo mwanafunzi akiuliza, jibu litakuwa "kama kawaida"?

10. HITIMISHO

Tulipomaliza masomo Kampala tulirudi katika shule ile ya kijijini tukiwa na daftari limejaa, na majani ya mgomba tuliyoyanunua njiani Bukoba. Lakini darasa la saba la mwaka ule lilikuwa limekwisha kuhitimu. Kijana aliyetuuliza alikuwa ameondoka kijijini kutafuta kazi, wala hakuna aliyeweza kutuambia yuko mji gani. Tuliwafundisha wadogo zake somo lile, nao wakalifurahia. Deni lenyewe hatujalilipa hata leo.

Ndiyo sababu tumeandika makala haya. Mwalimu mwanafunzi atakayekwenda ugenini, awe anavuka Mutukula au anashuka tu katika stesheni ya Tabora, akumbuke kwamba nyuma yake yuko mtoto aliyekaa kwenye dawati la mwisho, naye ataulizwa. Aende sasa akaone, akaonje, akaulize, akaandike, wakati chungu kingali motoni.

Maswali ya majadiliano

1. Taja chakula kimoja cha mahali unapofanyia mazoezi ya kufundisha ambacho hujawahi kukila. Sababu ni nini?
2. Eleza hatua zote za kukipika, ukiandika chini ya kila hatua swali ambalo mtoto angeliuliza.
3. Chagua mahali pamoja pa kihistoria katika wilaya yako. Andaa maswali matano ambayo hayawezi kujibiwa kwa kupatazama kwa nje tu.
4. "Kutembea kwingi ni kuona mengi." Je, hivyo ni kweli sikuzote? Jadili ukitumia mfano wa mwaka wa kwanza wa mwandishi mjini Kampala.